Kuchagua mashine ya kurekodi DVD: yaliyonifika nikihamisha kanda za nyumbani

Uso wa mashine ya kurekodi DVD hujaa maneno. Saa 8 kwa diski moja, HDMI, picha safi, vibandiko vya rangi kila kona. Nilipoanza kutafuta ya kuhamishia kanda zetu za video nilikuwa nayasoma maneno hayo yote na kuyalinganisha, na hayakunisaidia kitu. Yaliyokuja kuniumiza na yaliyokuja kuniokoa, hakuna hata moja lililoandikwa usoni. Siku hizi mtu akiniomba ushauri namuuliza mambo mawili kabla hajataja jina la mashine: humo kitaingia nini, na diski itakayotoka itachezwa wapi?

Kwangu kilichokuwa kinaingia ni mchanganyiko. Kanda nyingi zilikuwa za VHS, baadhi alirekodi baba kwa kamera nzito ya begani, nyingine ni nakala ya nakala ambayo hakuna anayejua ya asili iko kwa nani. Kulikuwa na kanda ndogo za 8mm, na chache za MiniDV, zile za kamera za kidijitali. Diski zilikuwa ziende kwa ndugu waliotawanyika, kila mmoja na deki yake, wengine deki kuukuu zinazochagua diski, wengine laptopu. Wala hakuna ambaye angekubali kufundishwa. Unaweka diski, unabonyeza, picha inatoka, basi.

Najua kuna atakayeuliza kwa nini sikutumia kompyuta. Vipo vifaa vidogo vya USB vinavyopokea picha kutoka kwenye deki na kuihifadhi kama faili, na mtu mwenye subira na kifaa kizuri hupata matokeo yanayoipita DVD. Mimi niliazima kimoja cha bei ya chini. Sauti ilikuwa inaachana na picha kidogo kidogo, mpaka kufika mwisho wa kanda mtu anafungua mdomo wakati neno limeshapita. Nikaona bora mashine ambayo nitabonyeza kitufe chekundu na kuendelea na shughuli nyingine.

Mashine hizo sasa karibu zote ni za mtumba. Pioneer walitoa ya kwanza ya nyumbani huko Japani mwaka 1999, zikashamiri kwenye miaka ya 2000, kisha watu wakahamia kwenye ving'amuzi vinavyorekodi na video za mtandaoni, na watengenezaji wakajitoa mmoja baada ya mwingine. Deki za VHS nazo hazitengenezwi tena. Funai ya Japani, iliyokuwa imebaki ya mwisho, ilisimamisha mwezi Julai 2016. Kwa hiyo unanunua kitu ambacho kimeshachoka kidogo, na bei ya kununulia ni sehemu tu ya gharama. Kuna kusafisha lenzi, kubadilisha mkanda wa trei, nyaya, na diski za majaribio zitakazoishia kwenye pipa la taka.

Na kuna rimoti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo hela yangu ilipozama.

Mashine yangu ya kwanza ilikuwa ya mbili kwa moja, kushoto unaingiza kanda ya VHS, kulia diski. Ilikuja bila rimoti yake. Muuzaji akaniambia rimoti yoyote ya jumla itafanya kazi, na kweli ilifanya: iliwasha, ilicheza, ilisimamisha. Nikarekodi kanda ya kwanza, nikaicheza palepale, picha ikatoka vizuri, nikafurahi. Nikaipeleka diski ile kwenye deki nyingine, deki ikazungusha, ikanguruma, ikaandika kwamba hakuna diski. Nikajaribu laptopu, ikaona diski tupu. Nikampelekea fundi, mzee mmoja ambaye ameishi na vitu hivi maisha yake yote, akaigeuza upande unaong'aa, akaitazama kwenye mwanga na kusema, "Kijana, hii hujaifunga."

Kuifunga diski ndiko kunakoandikwa Finalize kwenye menyu. Mashine inaporekodi DVD-R, diski ya kuandikwa mara moja, huandika picha, lakini orodha ya yaliyomo, ile ambayo deki nyingine huitafuta kwanza, inabaki haijakamilika mpaka uamuru ikamilishwe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Ukishaifunga DVD-R huongezi kitu tena. Usipoifunga, ni mashine ileile iliyorekodi ndiyo itakayoisoma, na mara nyingi mashine ya kampuni nyingine haiwezi kukufungia. Sasa amri hiyo iko ndani ya menyu, na kwenye mashine yangu menyu ilifunguliwa na kitufe kilichopo kwenye rimoti ya asili tu. Usoni hapakuwa nacho, na rimoti ya jumla haikuwa nacho. Nikazunguka kuitafuta rimoti ya asili, nikaipata kwa karibu nusu ya bei ya mashine nzima. Nililipa, ningefanyaje? Nilikuwa na rundo la diski zisizofungwa.

Kwa hiyo ukienda kukagua mashine ya mtumba, nenda na diski tupu mbili. Omba rimoti yenyewe, rekodi dakika chache kutoka kwenye chochote, ifunge diski hapohapo, kisha ijaribu kwenye deki nyingine kabla hujatoa hela. Muuzaji akisema hana muda, naye hana mashine. Sikiliza trei inavyofunguka pia. Ikisitasita mara mbili tatu kabla ya kutoka, mkanda wake umelegea; hilo fundi analiweza. Lakini ikirekodi robo saa na kuandika kosa la diski, mara nyingi lenzi ya kuandikia imechoka, na lenzi iliyochoka huendelea kucheza diski za zamani vizuri kabisa, ndiyo maana kumwona muuzaji akicheza filamu hakuthibitishi kitu.

Kuhusu umeme, ukikatika katikati ya kurekodi au kufunga, diski ile unaweza kuiaga. Zipo programu za kompyuta zinazofufua baadhi, na mimi nilifufua moja, lakini ilinila usiku mzima.

Mambo ya R yenye alama ya kutoa na R yenye alama ya kujumlisha yaliwahi kuwa ugomvi mkubwa wa makampuni, ila kwa mtu wa nyumbani yamebaki madogo. DVD-R na DVD+R zote zinabeba gigabaiti 4.7, zote huandikwa mara moja, na mashine za miaka ya mwisho hupokea zote mbili. Angalia tu mashine yako inakubali ipi. Mimi nilitumia DVD-R kwa diski za kugawa kwa sababu deki kuukuu za ndugu zangu zilizipokea bila kununa. Kwa majaribio nilitumia DVD-RW, ambayo inafutika na kuandikwa upya hadi kama mara 1,000. DVD-RAM ni imara zaidi, hufutika mara nyingi mno, lakini deki nyingi za kawaida haziijui kabisa. Kuwa makini na hali inayoitwa VR. Inavutia kwa sababu unaweza kukata vipande na kupanga upya ndani ya diski, ila diski ikitoka hapo deki nyingi haziisomi. Kama diski ni ya kugawa, chagua hali ya Video tangu mwanzo wa kuifomati.

Sasa zile saa 8. Kila mashine ina viwango vya kurekodi: XP ni saa 1 kwa diski, SP ni saa 2, LP ni saa 4, EP ni saa 6 na kwenye nyingine 8. Diski haijaongezeka ukubwa. Kinachopungua ni picha, na kutumia EP ni kubana nguo za watu wanane kwenye begi la mtu mmoja: zitaingia, lakini utazivaa na mikunjo yake. Kwa kipindi cha mazungumzo, watu wamekaa na nyuma yao ukuta, LP inavumilika. Nilipoweka kanda ya sherehe kwa LP, watu walipoanza kucheza nyuso ziligeuka vimiraba. Mtoto anayerusha maji alikuwa na wingu la vimiraba mbele ya kifua.

Sababu yake sikuitarajia. Kanda mbovu inahitaji nafasi kubwa kuliko picha safi. Zile chenga ndogo zinazocheza kwenye kanda ya zamani hubadilika kila fremu, na mashine haiwezi kujua kwamba ni uchafu. Inajitahidi kuzihifadhi kama inavyohifadhi jicho la mtu. Nafasi inaliwa na uchafu, nyuso zinabaki na kidogo. Isitoshe, mashine nyingi zikifika LP hukata upana wa picha nusu, na EP hukata na mistari pia. Baadhi hubaki na upana kamili hata kwenye LP, na hilo ni jambo la kutafuta kwenye kitabu cha maelezo, kwenye jedwali lile la nyuma ambalo hakuna anayelisoma. Mimi nilishikilia SP kwa kila kitu, na XP kwa kanda chache ambazo hazina nakala nyingine duniani. Kama kanda ni ya saa 2 na dakika kadhaa, mashine nyingi zina hali ya FR ambayo unaiambia muda unaoutaka nayo inajipimia. Hiyo ni bora kuliko kuteremka hadi LP kwa ajili ya dakika 10.

Ikaja kanda iliyokataliwa. Ilikuwa kanda ya bibi akisimulia, imerekodiwa nyumbani na baba, hakuna kampuni yoyote iliyohusika. Dakika ya tatu mashine ikasimama na kuandika kwamba kilichomo kimelindwa, hairuhusiwi kurekodi. Nilirudia, ikasimama tena, safari hii sehemu nyingine. Nilidhani mashine imeharibika. Kumbe filamu za kuuzwa za VHS ziliwekewa kinga ya Macrovision, mapigo ya ziada yaliyofichwa kwenye mistari ya juu ambayo televisheni haiionyeshi, na mashine za kurekodi DVD zimetengenezwa kuyatambua na kugoma. Kanda iliyochakaa, ambayo mwendo wake unayumba na mistari hiyo ya juu imejaa fujo, inaweza kufanana na kanda yenye kinga. Mashine inamshuku bibi kuwa ni filamu ya kukodi.

Dawa haikuwa kwenye mashine ya kurekodi bali kwenye deki. Nilisafisha kichwa cha deki, nikairudisha kanda nyuma mpaka mwanzo na kuipeleka mbele mpaka mwisho ili ijikaze sawasawa, nikarekebisha mwendo kwa vile vitufe vya kuongeza na kupunguza mpaka ule utepe wa chenga chini ya picha ukazama. Kwenye deki ya mashine yangu ya mbili kwa moja haikutosha. Nilipoazima deki kubwa ya zamani na kuiunganisha kwa waya, bibi akapita mwanzo hadi mwisho bila kusimamishwa.

Hapo ndipo niliposhusha hamu yangu ya mashine za mbili kwa moja. Zinarahisisha, nakiri, waya hakuna, unabonyeza kitufe kimoja. Lakini upande wa VHS mara nyingi uliwekwa wa bei nafuu, na ukiharibika huwezi kuubadilisha peke yake. Mashine ya DVD pekee na deki nzuri pembeni inakuachia uhuru: kanda hii ikigoma kwenye deki moja, unajaribu nyingine. Ukiwa na kanda chache za hali nzuri, mbili kwa moja inakutosha. Ukiwa na nyingi na kuukuu, hapana.

Kuna kasoro nyingine inayoonekana karibu kwenye kila kanda ya zamani: sehemu ya juu ya picha inapinda kuelekea upande, na nguzo za mlango zinatikisika. Mistari ya picha haifiki kwa wakati sawa. Kinachotibu ni sakiti iitwayo TBC, inayopokea kila mstari, kuushika kidogo na kuuachia kwa wakati wake. Baadhi ya mashine za kurekodi DVD zinayo ndani kwenye milango ya kuingizia, na haikutangazwa usoni hata kidogo. Panasonic DMR-ES10 na DMR-ES15 zimekuwa maarufu kwa wahamishaji wa kanda kwa sababu hiyohiyo, kiasi kwamba watu huzinunua hata lenzi ikiwa imekufa. Wanapitisha tu picha ndani yake, inaingia imepinda na kutoka imenyooka, kisha inarekodiwa kwenye kifaa kingine. Nilipoelewa hilo, mashine yangu ya pili niliichagua kwa uwezo wa kunyoosha picha, mambo ya HDMI nikayaacha. HDMI kwenye mashine hizi ni njia ya kutokea kwenda kwenye televisheni. Haiongezi kitu kwenye kilichorekodiwa.

Milango ya kuingizia ndiyo ya kuhesabu. Nyaya tatu za njano, nyeupe na nyekundu zipo kwenye kila mashine, na deki nyingi za VHS hazina zaidi ya hizo. Kamera nyingi za Hi8, aina bora zaidi ya 8mm, zina tundu la S-Video, duara dogo lenye pini nne, linalopitisha mwanga na rangi katika njia tofauti. Tofauti niliiona kwenye kingo za nguo nyekundu, ambazo ziliacha kuchuruzika. Zingatia kwamba S-Video haibebi sauti, ile nyeupe na nyekundu bado unazihitaji. Kwa MiniDV tafuta mashine yenye tundu la i.LINK mbele. Waya mmoja unabeba picha na sauti kidijitali, na mashine nyingine huweza hata kuiendesha kamera yenyewe. Tundu hilo halipo kwenye mashine za bei ya chini, kwa hiyo kama una MiniDV, ndilo litakalopunguza orodha yako haraka kuliko kitu kingine.

Mfumo wa rangi pia uangalie, kwa sababu NTSC na PAL ni mifumo miwili tofauti ya picha ya televisheni, kila nchi na wake. Mashine ya NTSC haitapokea kanda za PAL kwa heshima, na kuna mashine zinazoshughulikia mfumo mmoja tu. Ya mtumba iliyotoka nchi ya mbali inahitaji pia kukaguliwa volti.

Mashine yangu ya pili ina diski ngumu ya gigabaiti 160 ndani, na kama mfuko unaruhusu ningesema usinunue isiyo nayo. Unarekodi kanda nzima kwenye diski ngumu kwanza. Unatazama. Baba alikuwa na tabia ya kusahau kuzima kamera, kwa hiyo tuna dakika nyingi za viatu vyake na ndani ya begi, hizo nilizikata. Kisha unahamishia kwenye DVD kwa kasi, bila picha kubanwa upya, na ukitaka nakala tano unatoa tano bila kuchosha kanda tena. Diski ikiharibika kazi haijapotea. Masharti ni mawili. Kabla ya kurekodi, washa mpangilio unaoruhusu uhamishaji wa kasi kwa DVD-R, ambao mashine nyingine huuzima. Ukisahau, itabidi irekodi upya kwa muda halisi. Na usiifanye diski ngumu kuwa ghala. Mashine ikifa, huwezi kuichomoa na kuisoma kwenye kompyuta kwa njia ya kawaida, kwa sababu imepangwa kwa mtindo wa mashine ileile.

Kurekodi televisheni sikukutilia maanani, lakini anayetaka ajue kwamba tyuna ya mashine nyingi za zamani ni ya analogi. Marekani walizima analogi ya vituo vikubwa tarehe 12 Juni 2009, na nchi nyingi zimefuata, kwa hiyo tyuna hiyo mara nyingi haina kazi. Utaunganisha king'amuzi kwa nyaya kwenye mlango wa kuingizia, na itabidi king'amuzi kiwe kwenye chaneli sahihi saa ya kurekodi ikifika. Mashine itarekodi chochote kinachopita.

Diski za bei ya kutupa nilizinunua mwanzoni, boksi zima. Zilirekodiwa vizuri. Baada ya muda nilipozirudia, baadhi zilikwama kuelekea ukingo wa nje, ambako mwisho wa kanda huandikwa. Kutoka hapo nilinunua za jina linaloaminika, chache chache, nikijaribu mashine inazipenda kabla ya kuongeza. Mashine kuukuu zingine hazielewani na diski za kasi ya 16x. Za 8x zikipatikana huwa salama. Usibandike karatasi juu ya diski, gundi huipinda. Andika kwa kalamu ya diski, na iweke wima kwenye kasha, mbali na jua.

Na hata hizo nzuri sikuziachia peke yake. Diski iliyofungwa katika hali ya Video ina folda inaitwa VIDEO_TS. Ninaiingiza kwenye kompyuta, ninakili folda nzima ilivyo, bila kuibadilisha, ninaihifadhi kwenye diski mbili za nje, moja iko kwa dada yangu. Kunakili kunachukua robo saa au zaidi kidogo, na ndiko kunakokuonyesha kama diski inasomeka yote. Ikikwama kwenye kunakili, narekodi nyingine wakati kanda bado iko mezani. Kanda nimezirudisha kwenye makasha yake. Picha ya DVD imebanwa, ya kanda za VHS na 8mm haijabanwa, na kuna wawili watatu kwenye ukoo wanaozungumzia vifaa bora kuliko mashine yangu. Wakivipata, kanda zipo.